Biti ya Kushoto

Bolti lilikatika mkononi mwangu, pale Kiwira,
saa tisa alasiri, mvua ya Rungwe imeshuka
kama mpangaji aliyelipa miezi sita.
Nilisikia tik. Sauti ndogo,
ya mtu anayetafuna karanga chumba cha pili.
Dereva akauliza: Umelikaza?
Nikasema: Limekaa.
Sikusema limekaa wapi.

Nyuma yetu, ndani ya Fuso, majani mabichi ya chai,
magunia sabini, na chai ikishachumwa haingoji:
inapumua, inapandisha joto,
baada ya saa tatu ukiingiza mkono katikati ya gunia
ni kama umeutia kwenye uji.

Pampu ya maji ilitiririka. Kichwa cha bolti kiganjani mwangu,
kiwiliwili ndani ya bloku, kimekatikia usawa wa chuma,
hakuna pa kushika, hata kwa meno.

Akaitwa Tusajigwe.
Alikuja na koti la mvua la kiume na kopo la maziwa ya unga;
ndani ya kopo soksi, ndani ya soksi biti tano.
Akainua moja mbele ya mwanga wa simu.
"Tazama mfereji wake unavyopanda."
Ulipanda upande usio wake,
kama mharage ulioparamia mti kinyume cha wenzake.

Vijana wa gereji ya jirani wakacheka:
Hiyo ilikosewa kiwandani, mama.
Hakuwajibu. Aliniambia mimi, kwa kuwa nilishika taa:
"Biti ya kawaida huzunguka kulia.
Ukiitia humu, inakaza kile ulichokuja kukifungua.
Watu wengi husaidia hivyo."

Akasawazisha uso kwa tupa.
Akapiga panchi katikati, mara moja,
kwa mkono wa kushoto, ule aliochapwa darasa la pili
mpaka akaandika kwa wa kulia.
Lakini nyundo, alisema, haikusomeshwa.

Dirili akairudisha nyuma. Polepole.
Tone la mafuta. Biti nyembamba kwanza,
tundu la kuingia punje ya ulezi.
Kisha nene kidogo.
Chuma kikatoa nywele, nyeusi, halafu za kung'aa,
moshi ukanuka sufuria iliyosahauliwa.
Mimi nilihesabu magunia kwa pua:
harufu ya majani ilianza kuwa tamu.

"Dawa ya moto ni moto," dereva akasema, ili aseme kitu.
"Hapa hakuna moto. Shika mwavuli."

Ikakwama. Biti ikauma, dirili ikamtegua kiwiko,
nikafikiri basi, sasa vimekatika viwili.
Kumbe ndipo bolti lilipokubali.
Likazunguka pamoja na biti, uzi baada ya uzi,
likanyanyuka kama konokono baada ya radi,
bila haraka, bila aibu, limelowa mafuta,
hadi likawa nje, kwenye ncha ya biti, likizunguka hewani.

Hakuna aliyeshangilia. Kijana mmoja alisema tu: Eee.

Akakichomoa kipande, akakigeuza kwenye mwanga.
Palipokatikia pamenyongwa,
alama ya mkono usiojua kuacha.
Hakumtazama dereva. Alinitazama mimi.
"Hili halikuchoka," akasema. "Hili lilikazwa."

Bolti jipya alinipa nilifunge mwenyewe.
Likakaa. Nikataka kuongeza,
ile robo ya mwisho ambayo bega huipenda,
na kidole chake kimoja kikalala juu ya spana.
Kizito kuliko spana.

Ndaga, nikamwambia. Pesa alizipokea kwa kulia,
akazihesabu kwa kushoto.

Kiwandani tulifika saa mbili usiku.
Magunia kumi na moja yalikataliwa.
Nikasema matatu yakatwe kwenye mshahara wangu,
na dereva akaniuliza kulikoni.
Nikamsimulia kuanzia mwisho, nikirudi nyuma.